Mwandishi Aliyerudi Shuleni: Ousmane Sembène na Andiko Lake la Kwanza la Sinema

Kila mwaka hufika mezani pangu maandiko ya kwanza ya sinema, kazi za wanafunzi wa fasihi wanaotaka kujaribu bahati yao katika sanaa hii. Aghalabu huwa yameandikwa kwa Kiswahili kizuri, na uzuri huo ndio ugonjwa wake. Mwandishi asema kwamba mzee ameketi barazani akikumbuka kwa majuto miaka aliyoipoteza mjini. Sentensi haina kosa, na katika hadithi ingekaa pahali pake. Lakini mtazamaji wa sinema ataona nini? Ataona mzee ameketi barazani. Majuto hayapigwi picha, wala miaka iliyopotea haina sura. Nisemapo hivyo mwanafunzi huniuliza: basi nifanyeje? Swali hili si jipya. Katika historia ya sinema ya Afrika limo mahali ambapo twaweza kulifuata hatua kwa hatua, kwa sababu aliyejiuliza alikuwa mtunzi mashuhuri wa riwaya kabla hajawa mwanafunzi.

Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, na baba yake alikuwa mvuvi. Hakupata elimu ndefu. Alifanya kazi za mikono Dakar, uashi ukiwa mojawapo. Mwaka 1944 akaingizwa katika jeshi la Wafaransa. Baada ya vita akavuka bahari akawa kuli katika bandari ya Marseille. Huko ndiko alikojifunza kuandika, mchana mabegani mizigo, usiku mkononi kalamu. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Mwaka 1960 ikatoka Les Bouts de bois de Dieu, riwaya ya mgomo wa watu wa reli ya Dakar na Niger wa miaka ya 1947 na 1948, kitabu ambacho hata leo ni vigumu kuizungumza fasihi ya Afrika bila ya kukitaja. Mtu aliyeandika kitabu kama hicho yafaa apumzike. Yeye hakupumzika, maana mwaka huo huo alikumbana na jambo lililomkosesha raha.

Alirudi Afrika, akazunguka, akatambua kwamba watu aliowaandika hawakuwa wakimsoma. Wale wanawake walioandamana kutoka Thiès hadi Dakar, ambao ndio moyo wa riwaya yake, wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakusoma Kifaransa. Kitabu chake kilikuwa kikisomwa Paris, na katika nyumba chache za waliosoma Dakar. Hapa ndipo penye kiini cha habari yote ifuatayo. Sembène hakwenda kwenye sinema kwa kuvutiwa na kamera, wala hakudhani kuwa sinema ni sanaa bora kuliko riwaya. Mara nyingi alisema kwamba yeye binafsi alipendelea fasihi. Alikwenda kwa sababu ya wasomaji aliowakosa. Basi mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 38, mtunzi wa vitabu vilivyosifiwa, alikubali kuwa mwanafunzi wa mwanzo huko Moscow.

Kabla hatujamfuata huko, yatupasa tutazame waliomtangulia, kwa sababu njia ya Mwafrika kuandika sinema katika makoloni ya Wafaransa ilikuwa imefungwa kwa sheria. Mwaka 1934 ilitolewa amri iliyokuja kuitwa kwa jina la Pierre Laval, aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Amri hiyo ilisema kwamba mtu yeyote hana ruhusa ya kupiga picha za sinema katika makoloni ya Afrika mpaka apate kibali cha serikali, na kabla ya kibali serikali ilitaka kujua ni nani apigaye na ameandika nini. Tukumbuke basi: kwa vijana wa zama zile andiko la sinema lilikuwa hati ya kuombea ruhusa kabla ya kuwa kazi ya sanaa. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mtawala.

Paulin Soumanou Vieyra, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1925, aliyaonja hayo. Alisoma katika chuo cha sinema cha Paris kilichoitwa IDHEC, akawa Mwafrika wa kwanza wa kusini ya Sahara kuhitimu hapo. Mwaka 1955 yeye na wenzake walitoa filamu fupi, Afrique-sur-Seine, yaani Afrika juu ya mto Seine. Wamekwisha kuiita Afrika, lakini yote waliipiga Paris: mitaa, mikahawa, madaraja, wanafunzi weusi wakitembea katika baridi. Hawakuruhusiwa kuipiga kwao. Atazamaye filamu ile leo aona jinsi kizuizi kilivyogeuzwa kuwa maudhui. Aona pia udhaifu wake, kwamba picha zapita na sauti ya msimulizi yazifafanua moja baada ya moja, kwa Kifaransa kilichopangwa vizuri, hata mtu aweza kufumba macho akafuata. Ni insha iliyosomwa juu ya picha. Nasema hivi bila ya kumpunguzia Vieyra heshima yake. Baadaye alikuwa nguzo ya sinema ya Senegal, akasimamia filamu kadhaa za Sembène na kuandika kitabu juu yake.

Sasa tufike Moscow. Sembène alipelekwa kwenye studio iliyoitwa kwa jina la Maxim Gorky, chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Mwalimu na mwanafunzi walipatana kwa namna ya ajabu. Donskoy ndiye aliyetoa, kati ya mwaka 1938 na 1940, filamu tatu kutoka katika vitabu vya maisha ya Gorky: utoto wake, kazi zake za utumwani kwa watu, na kile ambacho Gorky alikiita vyuo vikuu vyake, maana vyuo vyake vilikuwa bandari na matanuri ya mikate. Mwanafunzi aliyetoka bandari ya Marseille hakuhitaji kufasiriwa maana ya chuo kikuu cha aina hiyo. Na wala hakuwa peke yake: Sarah Maldoror, ambaye mwaka 1972 alitoa Sambizanga juu ya ukombozi wa Angola, naye alikuwa Moscow akisoma siku zile.

Desturi ya Kirusi ya kuandika sinema ilimfaa mtunzi wa riwaya kuliko desturi nyingine nijuazo. Huko waliligawa andiko katika sehemu mbili. Kwanza liliandikwa andiko la kifasihi, lenye masimulizi yanayosomeka kama hadithi, lakini hadithi iliyofungwa kwa sharti moja: hakuna lisemwalo humo lisiloweza kuonekana au kusikika. Kisha likatengenezwa andiko la mwongozaji, ambamo kila picha ina namba yake, mahali pa kamera na urefu wa muda. Katika nchi nyingine mwanafunzi huanza na andiko la pili, hata akafikiri kwamba kuandika sinema ni kujaza safu na vichwa vya habari, la ndani, la nje, mchana, usiku. Desturi ya Kirusi ilimwachia mwandishi sentensi zake ila ilimnyang'anya tamathali. Kwa mtu aliyezoea kuandika Kifaransa chenye mafumbo, huo ni mfungo mkali kuliko wa Ramadhani.

Tena katika mji ule ule mafundisho ya Lev Kuleshov yalikuwa yamekwisha kuwa kama alifu na bee. Hadithi ya jaribio lake yajulikana: uso ule ule wa mchezaji, usiobadilika, ukiunganishwa na sahani ya supu watazamaji waona njaa, ukiunganishwa na jeneza waona huzuni. Maana haimo usoni wala haimo katika sahani. Imo baina yao. Kwa mwandishi somo hili lina uzito mkubwa. Lasema kwamba lile neno "majuto" ambalo mwanafunzi wangu aliliandika laweza kuachwa, maadam ataandika vitu viwili na kuviweka mahali pake. Mzee barazani, kisha sanduku la safari lililojaa vumbi, ambalo halijafunguliwa. Mtazamaji ataleta majuto mwenyewe kutoka nyumbani kwake.

Mwaka 1963 Sembène, akiwa amerudi Senegal, alitoa Borom Sarret, filamu ya dakika karibu 20. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya kubuni katika sinema, na andiko lake ndilo jaribio la mwanafunzi aliyetoka darasani. Kisa chake ni cha siku moja. Mtu wa Dakar mwenye gari la farasi aamka, asali, atoka kutafuta riziki. Abiria wa mwanzo ni jirani asiye na kazi, ambaye malipo yake ni kumpa mkono tu. Kilema ajikokota ardhini akiomba, naye hamjibu. Apokea nauli kidogo, kisha ajiwa na msifu wa ukoo, ambaye aimba utukufu wa mababu zake, na yeye kwa furaha ya kusifiwa ampa fedha yote aliyoichuma. Baba mmoja apandisha gari maiti ya mtoto wake; lango la makaburi lafungwa kwa sababu hati zake hazikutimia, na mwenye gari amwacha pale chini na mtoto wake. Mwisho atokea kijana aliyevaa vizuri, ataka ahamishiwe vyombo vyake mtaa wa Plateau, waliokokaa Wazungu na wakubwa, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Askari amsimamisha. Nishani yake ya vita yaanguka. Kiatu cha askari chakanyaga juu yake. Gari lachukuliwa, yule kijana atoweka bila kulipa, na mwenye gari arudi kwao na farasi mtupu.

Tuangalie ile nishani. Katika riwaya Sembène angeweza kutueleza, na angeeleza vizuri, jinsi Ufaransa ilivyowachukua Waafrika kupigana vitani na jinsi ilivyowasahau. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hapa kuna kipande cha chuma, kuna kiatu, na kuna mkono unaongojea kiatu kiondoke. Hizo ni sekunde chache. Askari yule ni Mwafrika, mtumishi wa serikali mpya iliyopata uhuru mwaka 1960, na hilo pia halikusemwa na mtu, laonekana. Sijui somo bora la kumpa mwanafunzi wa mwanzo kuliko kumwambia ahesabu ni kurasa ngapi zimekaa katika picha ile.

Mwisho wa filamu wapita huo kwa ubora. Mwenye gari afika nyumbani mikono mitupu. Mkewe hamlaumu. Ampa mtoto amshike, atoka nje, na kusema kwamba usiku ule watakula. Basi. Aenda wapi? Kwa nani? Kwa njia gani? Mtunzi wa riwaya angeona kwamba ana deni la kutuambia. Mwandishi wa sinema ajua kwamba mlango ulioachwa wazi una sauti. Watazamaji wamekuwa wakibishana juu ya mlango ule kwa zaidi ya miaka 60.

Lakini somo halikutimia, na hapa ndipo mimi, kama mwalimu wa lugha, napotofautiana na wanaoisifu filamu hii bila ya kasoro. Picha zilipigwa kimya, sauti ikatiwa baadaye, na sauti hiyo kubwa ni ya mwenye gari akijisemea moyoni. Ajisemea kwa Kifaransa. Mtu asiyekwenda shule, anayesali alfajiri, anayemsemesha farasi wake, afikiri kwa lugha ya ofisi zinazomnyang'anya gari! Zaidi ya hayo, sauti hiyo mara nyingine hutuambia kile tunachokwisha kukiona. Kilema yupo mbele ya macho yetu, na kutojibiwa kwake twakuona. Hatukuhitaji kuelezwa kwamba waombaji wamezidi. Moscow ilimfundisha kutoa tamathali katika masimulizi, lakini mtunzi wa riwaya alikuwa amejificha katika sauti, akiendelea kuandika. Jina la filamu lenyewe ni la Kiwolofu, borom ni mwenye, na sarret ni gari. Ila hata hilo sarret ni neno la Kifaransa, charrette, lililokaa Senegal mpaka likapata uraia. Jina lilikuwa limekwisha kufika mahali ambapo filamu haijafika.

Mtu aweza kuuliza kama kosa hilo ni la mwandishi au la umaskini. Yote mawili. Kupiga filamu bila sauti ni rahisi, na sauti moja ya msimulizi hugharimu kidogo kuliko mazungumzo ya watu kumi. Tena baada ya uhuru fedha za filamu za nchi hizi zilitoka kwa sehemu kubwa katika Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa, ambayo ilikuwa na ofisi ya sinema yenye kusoma maandiko na kuchagua. Yule msomaji wa kwanza wa mwaka 1934 alikuwa amebadilisha kiti tu. Ofisi hiyo ililikataa andiko la La Noire de..., filamu ndefu ya kwanza ya Sembène, naye akaitoa vivyo hivyo mwaka 1966, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya Jean Vigo.

La Noire de... yatufaa kwa kuwa chanzo chake ni hadithi fupi ya Sembène mwenyewe, iliyotoka mwaka 1962, hivyo twaweza kuweka andiko lake la fasihi na kazi yake ya sinema ubavu kwa ubavu. Hadithi yaanza mwisho, maofisa wakiwa nyumbani kwa Wafaransa wakichunguza kifo cha kijakazi Diouana. Filamu yaanza na meli ikiingia bandarini na msichana akishuka, asijue lijalo. Na katika filamu kuna kinyago, ambacho hadithi haikuwa nacho. Diouana awapa matajiri wake kinyago hicho kama zawadi. Chatundikwa ukutani Dakar, chatundikwa ukutani Ufaransa, chagombaniwa, na mwishoni mtoto akivaa amfuata yule tajiri uchochoroni mpaka Mzungu akimbilie gari lake. Kitu kimoja chabeba kisa kizima, nacho hakisemi neno. Hapa mwanafunzi amekwisha kuwa bingwa. Walakini Diouana naye, ambaye hajui Kifaransa, ajisemea moyoni kwa Kifaransa fasaha, na sauti hiyo si yake, bali ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mchezaji wa Haiti.

Kosa lile lilikuja kutengenezwa mwaka 1968 kwa Mandabi, yaani hawala. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kisa hiki, kwa kuwa Amandina Lihamba alikigeuza kuwa tamthilia, Hawala ya Fedha, iliyotoka mwaka 1980: Ibrahima Dieng apelekewa na mpwa wake aliyeko Paris hawala ya faranga 25,000, na hawezi kuipokea kwa kuwa hana kitambulisho, na hapati kitambulisho kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa, na hana cheti kwa kuwa alizaliwa zamani, karibu na mwaka 1900, na karani ataka tarehe. Fedha zilitoka Ufaransa, na masharti yakatoka nazo, filamu ikapigwa mara mbili: mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiwolofu. Ile ya Kiwolofu ndiyo iliyobaki katika mioyo ya watu. Yaanza na kinyozi akimnyoa Dieng chini ya jua, kichwa, kisha wembe ukaingia hadi matundu ya pua, na mzee ametulia kama sultani. Kabla ya neno lolote twamjua mtu huyu: twajua majivuno yake, twajua kwamba ni mtu wa kulipa kinyozi ingawa hana kitu. Afunguapo kinywa, ni cha kwao.

Hapa pana jambo la kutufikirisha sisi wenye Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, yapata miaka kumi na mitano kabla ya Mandabi, Tanganyika ilikuwa na filamu za visa zilizosemwa kwa Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu alicheza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Lugha tulikuwa nayo, wachezaji tulikuwa nao. Mpango wenyewe, fedha zake na mafundisho yake, ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Sembène kwa upande wake alikuwa na filamu mkononi kabla ya kuipata lugha yake. Siwezi kusema ni nani kati yetu alikuwa na safari ndefu zaidi.

Tena Kiwolofu kilimletea shida ambayo mwandishi wa Kiswahili hana. Maandishi rasmi ya lugha hiyo yalikuwa bado kuthibitishwa, na wachezaji wake wengi hawakuwa wa kazi hiyo. Mazungumzo ilibidi yafundishwe kwa mdomo na sikio katika mazoezi, hata sehemu kubwa ya andiko ikaishi vinywani mwa watu badala ya karatasini. Serikali ilipokuja kuweka tahajia, Sembène aligombana nayo juu ya herufi moja: filamu yake Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa Senegal kwa hoja kwamba jina hilo lastahili d moja, naye akashika kwamba ni mbili. Rais Senghor, mshairi na mwanachuo wa sarufi, hakulegea, wala Sembène. Kwamba filamu ile iliwaudhi wengi kwa namna ilivyosimulia kuingia kwa Uislamu, kila mtu alilijua.

Katika miaka yake ya baadaye alikuwa na andiko kubwa kuliko yote, la maisha ya Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa mpaka walipomkamata mwaka 1898. Aliliandika kwa miaka mingi, akalikata, akaliandika tena, akitafuta fedha. Sembène alifariki Dakar mwezi wa Juni mwaka 2007. Jaribio lake la mwanafunzi, lile la dakika 20 lenye kosa la lugha, laonyeshwa mpaka leo katika madarasa. Samori angali karatasini.